Mshale Uliopandia Chuka

Ujumbe wa binti yangu uliingia saa moja kasorobo jioni: "Tumefika Chuka. Mshale umepanda. Usiogope." Baada ya hapo simu yake ikazimika.

Sijui ni nani aliyewadanganya watoto kwamba mama akiambiwa asiogope ataacha kuogopa. Nilijifunga leso, nikavuta kigoda hadi dirishani. Kutoka Chuka mpaka kwetu Majimbo, hapa Embu, gari halimalizi saa moja na nusu hata likibeba mzigo. Saa mbili na robo wangekuwa wameshapiga honi langoni. Saa mbili na robo ikapita. Saa tatu ikapita. Nilichemsha maziwa ya kugandisha kwa ajili ya wateja wangu wa asubuhi, nikatafuta kipimajoto changu nisikione, nikapima kwa kidole kama zamani, nikaungua.

Mume wangu Kathuri alikuwa amelala, au ndivyo alivyotaka nidhani. Kitanda chetu hulia mtu akigeuka, na usiku ule kililia mara nyingi mno kwa mtu aliyelala.

"Wamefika?" akauliza mwishowe kutoka chumbani.

"Bado."

"Alisema mshale umepanda wa nini? Wa joto?"

"Hakusema."

Kitanda kikalia tena. Nilijua anawaza nini kwa kuwa ndicho nilichokuwa nikiwaza mimi, na ni jambo ambalo katika nyumba yetu lilikuwa halijatajwa kwa miaka kumi na saba.

Mwaka wa 1996 Kathuri alikuwa dereva wa lori la kahawa. Taa ndogo nyekundu, ile yenye picha ya kopo la oili, ilianza kuwaka kwenye dashibodi, mara inawaka, mara inazima. Alimwambia msimamizi, akaambiwa gari lifanye kazi, msimu ni huu. Basi akachukua plasta, hii ya kubandika kidonda, akaifunika. Binti yetu Karwirwa alikuwa na miaka sita, na siku hiyo alikuwa amepanda na babake kwenda kumwona nyanya. Aliporudi aliniuliza, "Mami, taa ya Baba imeumia wapi?" Akaniambia kwamba hata chini ya plasta ilikuwa inaonekana, nyekundu kidogo, kama kidole ukikiweka mbele ya tochi.

Kathuri alimjibu, na maneno yake nayakumbuka: "Hiyo taa inadanganya tu."

Siku ya nne injini ilikufa kwenye mlima na mzigo juu yake. Kazi ikaisha hapo. Hakuna aliyemwandika tena, na yeye hakuomba tena. Tangu wakati huo analima shamba letu dogo na kukata nyasi za ng'ombe, mtu mpole, lakini mtu ambaye hapandi gari akikaa mbele.

Sasa nifikirieni mimi, wiki moja kabla ya usiku huo, binti yangu ananipigia kutoka Meru akicheka: "Mami, nimemwambia mzee Njura, mwenye gereji, mbele ya watu kwamba ule mshale unadanganya."

Nilikaa chini.

Karwirwa alienda Meru baada ya kidato cha nne, kukaa kwa shangazi yake na kutafuta kibarua. Alikipata katika gereji ya Njura, kufua matambara na kupikia mafundi chai. Pembeni ya gereji hiyo kulikuwa na chumba chenye mlango wa chuma wa bluu, na ndani yake alikaa mzee mmoja, Hezekiah, fundi wa waya. Magari yote ya mji huo yaliyoshikwa na wazimu wa taa yalipelekwa kwake. Karwirwa alimpelekea chai, akachelewa kurudi. Kesho yake akachelewa zaidi. Baada ya miezi mitatu chai ilikuwa inapikwa na mtu mwingine.

Namna alivyofundishwa, alinieleza siku moja tukichambua mboga. Hezekiah hakufungua kitu kwanza. Aliingia ndani ya gari, akafunga mlango, akazungusha ufunguo nusu bila kuwasha injini, akatazama. "Gari likiamka, taa zote lazima ziamke," alikuwa akisema. "Likisimama kwa miguu yake, lazima zote zilale. Isiyoamka ni mgonjwa, na isiyolala ni mgonjwa." Watu wanaogopa taa inayowaka, lakini yeye aliogopa zaidi ile isiyowaka hata mara moja, kwa sababu huenda balbu imeungua, na siku ya hatari haitakuwa na mdomo wa kukuambia. Halafu alimuuliza mwenye gari swali moja tu: "Ulikuwa ukifanya nini lilipoanza?"

Macho ya Hezekiah yalipofifia alirudi kwao shambani. Njura akafunga mlango wa bluu kwa kufuli, akajaza tairi kuukuu ndani. Karwirwa akawa anafanya kazi ya waya chini ya wembamba wa kivuli cha ukuta, vifaa vyake ndani ya kikapu, mvua ikinyesha anakimbia. Aliomba kile chumba mara mbili. Njura alimjibu, "Msichana wa watu, kesho utaolewa uniachie chumba kimejaa waya nisizozijua."

Ndipo Kinoti akaja. Huyu Kinoti ni wa Kangeta, ana pikapu yake, anaiendesha mwenyewe kupeleka miraa Nairobi mara tatu kwa wiki. Kila safari, karibu na Chuka, mshale wa joto ulikuwa unapanda mpaka kwenye nyekundu. Anasimama, anasubiri ipoe, miraa inanyauka, wateja wanamtukana. Ikipelekwa gereji, haina kitu. Inazungushwa mjini Meru mchana kutwa, mshale umetulia katikati. Alikuwa amebadilisha rejeta, pampu ya maji, na ule mshale wenyewe. Njura akatoa hukumu: ni mlima na mzigo, gasketi imeungua, injini ishushwe.

Karwirwa alikuwa amechuchumaa kando akifunga waya wa honi. Akasema, "Mzee, hiyo injini haijawahi kuchemka. Maji hayapungui. Oili haijageuka rangi ya chai ya maziwa."

"Mshale uko kwenye nyekundu, wewe unasema haina homa?"

"Mgonjwa ni kipimo, mzee."

Mafundi wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma Njura. Akasema mbele ya wote, "Basi Ijumaa utapanda naye, ukae kando yake ukitazama hicho kipimo chako. Injini ikifa, usirudi hapa. Shukia huko huko Embu ukauze maziwa lala na mama yako. Isipokufa, nitakufungulia mlango wa Hezekiah."

Hilo ndilo lililokuwa barabarani usiku ule, kati ya Chuka na dirisha langu.

Saa nne na nusu nilisikia honi. Kathuri alifika mlangoni kabla yangu, viatu mkononi.

Pikapu ilikuwa imesimama langoni, mafurushi ya miraa yamepangwa nyuma juu kuliko paa la nyumba ya kuku, yamefunikwa turubai. Karwirwa aliruka chini, suruali imeloa mpaka magotini, anacheka. Nilimgusa mikono yote miwili kuhesabu kama imetimia.

"Mama Karwirwa, habari ya usiku," Kinoti akaniamkia. Alikuwa mtu mnene, shavu moja limevimba kwa miraa. "Binti yako huyu ni mchawi au ni fundi? Niambie ukweli, wewe ndiwe uliyemzaa."

"Mmechelewa wapi?"

"Tumeishiwa mafuta hapo Runyenjes! Na mshale unaonyesha zaidi ya nusu tanki! Nimekaa barabarani kama mjinga mpaka bodaboda akaniletea kidumu cha mafuta."

"Mami, ngoja," Karwirwa akasema, na hapo akatueleza wote, akitembea tembea, kwa kuwa hajui kueleza akiwa amesimama.

Toka Kangeta hakuutazama mshale. Alimtazama Kinoti mikono. Nkubu wakapita, Igoji wakapita, mshale umetulia, na milima walishaipanda mingi. Karibu na Chuka giza likaanza kuingia, Kinoti akawasha taa kubwa. Mshale ukaanza kupanda.

"Nikamwambia, zima taa. Akazima. Mshale ukashuka."

"Nami nikamuuliza kama anataka nifike Nairobi kwa kupapasa," Kinoti akasema.

"Mara ngapi nilikuuliza gereji ulikuwa ukifanya nini ikianza? Ukasema, sifanyi kitu, naendesha tu."

"Dada, kuwasha taa ni kitu? Jua likitua mtu anawasha taa. Hiyo ni kama kupepesa macho."

Na kweli, gereji hujaribu magari mchana. Nani awashe taa saa sita?

Hata hivyo Kinoti alikuwa ameogopa kuendelea, kwa kuwa nyekundu ni nyekundu. Hapo Karwirwa akafungua boneti, akatoa mfukoni kipimajoto changu cha maziwa, akakifunga kwa kipande cha mpira kwenye paipu kubwa ya juu ya rejeta. Kikasoma digrii sabini na nane, mbali na kuchemka.

"Kipimajoto changu!" nikasema.

"Nilikichukua juzi nilipokuja, Mami. Nitakiosha."

"Nimeunguza kidole!"

Wakaendelea, kila baada ya kilomita chache wakisimama kusoma, mpaka Runyenjes, ambapo injini ilizima kimya kabisa. Kinoti akapiga usukani, akalalama kwamba ameibiwa mafuta tena. Ndipo Karwirwa akaelewa. Taa zikiwaka, ile mishale miwili hupanda pamoja, wa joto na wa mafuta. Ila wa joto ulipopanda Kinoti alishtuka, na wa mafuta ulipopanda hakuuona, kwa sababu hakuna dereva duniani anayelalamika kwamba ana mafuta mengi.

"Na mara ile nyingine?" Karwirwa akamuuliza Kinoti. "Ulisema ulishaibiwa kabla."

Kinoti aliacha kutafuna. "Mutegi," akasema. "Mtoto wa dada yangu. Alikuwa utingo wangu. Nilimfukuza mwezi wa tatu kwa wizi wa mafuta." Akatema miraa yote chini. Hata mimi niliyekuwa nimejaa hasira ya kusubiri niliona haya kumtazama.

"Mishale miwili ikidanganya pamoja," Karwirwa akasema polepole, "si mishale. Kuna mahali inaposhirikiana. Ni waya wa athi, ule unaorudisha umeme wa dashibodi kwenye bodi ya gari. Umeshika vibaya mahali. Taa kubwa zikiomba njia ya kurudi, zinasongamana pale. Lakini sijui ni wapi, na gari zima ni waya."

"Nina nusu saa," Kinoti akasema. "Miraa haijui waya."

Karwirwa akalala chali chini ya usukani. Kathuri aliingia ndani akarudi na tochi. Akainama, akamulika.

Mimi siwezi kusimama bure. Nilifungua mlango wa abiria nione kama pana mahali pa kukaa, nikakuta uchafu wa kuudhi: majani ya migomba yaliyooza, kamba, maji yamesimama juu ya kapeti ya mpira. Kwenye kiti palikuwa na mafurushi matatu yamefungwa kwa majani mabichi, yanatona.

"Hizi nazo mbona hazikai nyuma na wenzake?"

"Hizo ni za kwanza, Mama. Za mteja maalum," Kinoti akasema. "Hizo hukaa na mimi mbele kama mgeni. Zinanyunyiziwa maji kila mahali tunaposimama. Miaka miwili nafanya hivyo, hazijawahi kufika zimenyauka."

Nikachukua ufagio wangu wa njiti, nikaanza kufagia yale maji nje. Hayakutoka yote. Yalikuwa yakikimbilia pembeni, kushoto, mahali mguu wa abiria unapogusa ukuta, na huko yakapotea chini ya kifuniko cha plastiki. "Karwirwa," nikasema, "hapa maji yanaingia na hayatoki."

Alinyanyua kichwa, akajigonga kwenye usukani, akazunguka gari mbio. Akang'oa kile kifuniko kwa bisibisi. Kathuri akamulika. Ndani kulikuwa na nati moja iliyoshika waya mweusi, au niseme iliyokuwa imeshika. Ilikuwa imeota kutu na unga wa kijani kama mkate uliosahaulika. Karwirwa aliugusa ule waya kwa kidole kimoja, ukacheza kama jino la mtoto.

Hakuwa na muda wa kutengeneza vizuri. Alikata waya mrefu kutoka kikapuni, akaukwangua ncha, upande mmoja akaufunga na ule mweusi, upande mwingine akaupeleka moja kwa moja mpaka kwenye betri, upande wa hasi. "Washa taa," akasema.

Kinoti akawasha. Ukuta wetu wote ukawa mweupe, kuku wakalalamika. Tuliinama wanne kutazama dashibodi. Mshale wa joto ulikuwa katikati, haukusogea. Wa mafuta ulikuwa chini kabisa, unasema kweli.

"Zima. Washa tena."

Haukusogea.

Kathuri alikohoa. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi, sauti ya dereva: "Na taa ya oili?"

Karwirwa alimtazama. Akazima gari, akazungusha ufunguo nusu. Ile nyekundu ndogo ikaamka. Akawasha injini. Ikalala.

"Hiyo sijaigusa, Baba. Hiyo ikiwaka nasimama, hata kama ni katikati ya daraja."

"Vizuri," Kathuri akasema. Akaendelea kumulika ingawa kazi ilikuwa imekwisha.

Kinoti aliondoka peke yake na mafuta tuliyomtafutia kwa jirani, yale mafurushi matatu ya kifalme nikamwekea juu ya gunia kavu na karai chini yake. Karwirwa alilala kama gogo. Mimi sikulala, maana waya wa kufungwa usiku ni waya wa kufungwa usiku, na injini ikifa Thika au Nairobi lawama ingekuwa ile ile. Saa kumi na moja alfajiri simu ililia. "Mama Karwirwa, nimefika, nimeuza, sijasimama hata mara moja. Mwambie huyo mchawi alale."

Jumatatu nilipanda na Karwirwa kwenda Meru. Nilisema naenda kumsalimia shangazi yake. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona huyo Njura kwa macho yangu, kwa kuwa mwanamume anayeahidi mbele ya watu huweza kusahau wakiwa wachache.

Kinoti alikuwa ametangulia, pikapu iko katikati ya gereji. Kwenye kiti cha utingo alikaa kijana mwembamba aliyekuwa akitazama mbele bila kumjibu mjomba wake zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Ndiye Mutegi. Alikuwa amerudi, lakini hajasamehe, na Kinoti alikuwa akimletea chapati na soda kana kwamba ndiye bosi.

Njura hakumsalimu Karwirwa. Aliingia ndani ya gari, akawasha taa, akatazama. Akashuka, akaufungua ule waya wa betri kwa mkono wake mwenyewe, akarudi ndani. Mshale ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Akashuka, akaurudisha. Mshale ukashuka. Alifanya hivyo mara tatu. Mafundi walikuwa wameacha nyundo.

"Na hii kutu ilitoka wapi?" akauliza.

"Maji ya miraa, mzee," Karwirwa akasema. "Magari ya huku yote ya kazi hiyo nadhani yana hii nati imeoza. Tungekuwa tunaikagua kwanza kabla ya kushusha injini ya mtu."

Nilimfinya mgongoni ili anyamaze, ushindi hauhitaji chumvi. Njura alimwangalia, akaniangalia mimi.

"Wewe ndiwe mama yake?"

"Ndimi."

"Mdomo huu aliutoa kwako?"

"Kwangu alitoa macho," nikasema. "Mdomo ni wa shangazi."

Kwa mara ya kwanza alicheka, kidogo, kwa upande mmoja. Akatoa rundo la funguo mfukoni. "Mpaka Desemba," akasema. "Niitazame kazi yake. Na tairi zangu mnahamisha wenyewe, mimi mgongo unauma."

Kufuli lilikuwa limeshikana. Alimimina oili, akazungusha ufunguo, halikukubali. Akamimina tena. Nilianza kuomba kimoyomoyo, si kwa Mungu peke yake, bali na kwa kufuli pia. Likafunguka kwa mlio wa kukohoa. Mlango wa bluu ulisogea kiasi cha kiganja, ukakwama kwenye tairi. Karwirwa alitia bega. Nami nikaweka kikapu chake chini, nikatia bega langu karibu na lake, tukasukuma. Kitu kikaanguka ndani, vumbi likatoka, na mlango ukafunguka.

Aliingiza mkono gizani akapapasa ukuta.

"Swichi iko kushoto," Njura akasema nyuma yetu. "Juu kidogo. Hezekiah alikuwa mrefu."